Hasi ndo kazi: shajara ya fildi yangu ya maabara, wiki nane

Wiki ya 0, jumapili usiku

Naandika hii sababu mwaka jana nilienda fildi (mafunzo ya vitendo) nikarudi sikumbuki nilichojifunza, logibuku (daftari la kurekodi kazi) imejaa sahihi kichwa kitupu. Safari hii kila jumapili nakaa naandika hata kama ni mistari mitatu. Kwa usiyenijua, niko mwaka wa pili diploma ya maabara ya afya, NTA level 5, chuo kiko Mwanza. Nimebakiza level 6 afu nisajiliwe na baraza la wataalamu wa maabara ndo niitwe mteknolojia. Nyumbani walitaka niende unesi. Mjomba mpaka leo ananiuliza "kwa hiyo wewe utakuwa dokta wa kupima choo?" na mi nishachoka kubishana, namwambia ndiyo mjomba, choo na mkojo, na damu yako siku ukilala kitandani.

Kituo nilichopangiwa ni kituo cha afya nje ya mji, daladala moja na bodaboda. Labukoti imefuliwa, glavu boksi moja nimenunua mwenyewe maana wenzetu waliotangulia walituonya. Malengo yangu ni matatu: nisome BS (slaidi ya damu) ya malaria mwenyewe bila kushikwa mkono, nitoe damu kwa mtoto mdogo mkono usitetemeke, nione vimelea vya TB kwa macho yangu maana chuoni slaidi ya TB tuliyokuwa nayo ilishafifia, tulikuwa tunaangalia wote tunasema "ee nimeviona" na hamna aliyeviona.

Wiki ya 1

Sijagusa darubini. Wiki nzima. Nimewekwa dirishani, kupokea fomu, kuandika rejista, kubandika namba, kuita majina. Nikajua nimeonewa. Inchaji wa maabara ni mama mtu mzima, anaongea taratibu mpaka unasogea ndo umsikie, mgonjwa anamwita dokta na sisi tunamwita mama. Akaona nimenuna, akasema mwanangu darubini haijui jina la mtu, wewe wa dirishani ndo unalijua, ukikosea hapo hata tukiwa na mashine ya milioni mia itatoa jibu zuri kabisa la mtu mwingine.

Jumanne nikaita "Neema", wakaja Neema wawili. Mmoja mjamzito wa kliniki, anatakiwa kundi la damu na himoglobini, mwingine kaleta mtoto wa homa. Na wote waliitika. Toka siku hiyo siulizi tena "wewe ndo Neema?" maana mtu mwenye homa anaitikia chochote, namuuliza unaitwa nani majina matatu, una miaka mingapi, unakaa wapi, yeye ndo aseme mi nifuatishe kwenye fomu. Na chupa haiandikwi jina kabla ya kutoa damu, inaandikwa ukishatoa, mgonjwa akiwa bado amekaa mbele yako.

Chupa zenyewe nimezikariri upya. Zambarau ina EDTA, damu haigandi, hiyo ni ya FBP, kuhesabu chembe za damu. Nyekundu damu inaganda unapata siramu, yale maji yanayobaki juu. Kijivu ni ya sukari, ina floraidi ya kuzuia chembe zisiendelee kuila glukosi zikiwa njiani. Bluu ya sitreti lazima ijae mpaka kwenye mstari, sehemu 1 ya dawa kwa 9 za damu, ukijaza nusu majibu ya kuganda kwa damu yote ni uongo.

Sasa mwenzangu wa fildi, anatoka Kigoma, ndo kanifundisha kwa nini rangi hazichanganywi. Alitoa damu ya mzee mmoja, zambarau ikajaa vizuri, nyekundu ikapungua, akaona mbona simpo, akamimina kidogo kutoka zambarau akaongezea nyekundu. Sampo ikaenda hospitali ya wilaya maana sisi hatuna mashine ya elektrolaiti. Saa nane mchana simu ya mama inalia, wanauliza huyu mgonjwa yuko hai? Potasiamu 14, kalsiamu karibu hamna. Kawaida potasiamu ni kama 3.5 mpaka 5, mtu wa 14 anasomewa dua. Mama akachungulia dirishani, mzee yuko chini ya mwembe anakula michembe na mjukuu wake. EDTA ya kwenye ile chupa ni chumvi ya potasiamu, na inazuia damu kuganda kwa kuishika kalsiamu, kwa hiyo mashine haikukosea, ilipima dawa yetu. Wa Kigoma hakula siku hiyo. Mzee alichomwa upya na wala hakulalamika, alisema tu "vijana jifunzeni".

Wiki ya 2

Nimeanza kutengeneza slaidi za BS. Chuoni tulifanya lakini kwa damu ya chupa, hapa ni kidole cha mtu na mtu mwenyewe anavuta mkono.

Unasafisha kidole cha tatu au cha nne, unachoma na lanseti pembeni sio katikati, tone la kwanza unafuta, halafu unaweka tone dogo la thini (damu nyembamba) na tone kubwa la thiki (damu nene) kwenye slaidi moja. Thini unaivuta na slaidi nyingine mpaka mwisho wake utoke kama ulimi, thiki unaizungusha itanuke. Mama ana kipimo chake cha thiki: anaweka slaidi juu ya gazeti, maandishi yasomeke kwa shida kupitia kwenye damu. Yasiposomeka ni nene itabanduka kwenye rangi, yakisomeka vizuri mno ni nyepesi utakosa vimelea. Gazeti lenyewe ni la zamani, lina picha ya mechi ya Simba na Yanga, nishaisoma ile habari mara arobaini.

Halafu methanoli. Thini inagandishwa na methanoli, thiki HAIGUSWI, kwa sababu chembe nyekundu za kwenye thiki zinatakiwa zipasuke ndani ya maji ya rangi zibaki chembe nyeupe na vimelea tu. Najua hiyo, niliandika kwenye mtihani nikapata. Jumatano nikatumbukiza slaidi nane nzima nzima kwenye methanoli kama mtu anachovya andazi kwenye chai. Zikatoka thiki nyekundu nzito hazisomeki. Wagonjwa nane tukawaita tena kuchomwa, na mtoto mmoja aliponiona tu naingia akaanza kulia kabla sijamgusa, sasa hivi akiniona hata barabarani analia.

Rangi ni Giemsa asilimia 10, dakika 10, maji ya bafa yenye pH 7.2. Alhamisi slaidi zote zikatoka za pinki, chembe nyeupe hazina kiini kinachoeleweka. Nikajua Giemsa imechacha. Kumbe mtu alitumia maji ya bomba badala ya bafa. Pinki ni maji yana asidi, yakiwa na alkali inakuja bluu tupu. Mtu huyo alikuwa mimi.

Wiki ya 3

Hii wiki ntaandika ndefu.

Sasa nasoma. Lenzi ya 100 na mafuta, na kijicho cha 10 inakuwa mara 1000. Pete za falsiparam (aina moja ya kimelea cha malaria) ni ndogo, utepe wa bluu na nukta nyekundu, zingine zina nukta mbili kama hedifoni. Gametosaiti zake (hatua yake ya uzazi) zimejikunja kama ndizi, ukiona ndizi hata bibi yangu angejua ni falsiparam. Jumatatu nilipata chanya ya kwanza yangu mwenyewe nikahesabu: vimelea 340 kwa chembe nyeupe 200, unazidisha kwa 8,000 unagawa kwa 200, inakuja 13,600 kwa kila maikrolita. Nilijiona nimemaliza chuo. Nikampigia mama yangu simu kumwambia nimepata malaria, akaanza kulia, ikabidi nimweleze sio mimi mama, ni ya mtu.

Ijumaa mchana foleni ndefu, slaidi 34 kwenye trei, mama yuko kwenye kikao, kliniko ofisa kila baada ya dakika tano anatuma mtu kuuliza majibu. Nikaanza kukimbia. Hasi unatakiwa uangalie fildi (kila duara unaloliona kwenye darubini) zisizopungua 100 ndo uandike hakuna kimelea (niko fildi nahesabu fildi, wametunyima neno la pili). Mi nilikuwa naangalia kama 30, sioni kitu, naandika hasi, nachukua nyingine. Hamna aliyenishtukia. Mbaya ni kwamba ukiandika hasi kwa fildi 30, mara nyingi unakuwa sahihi, kwa hiyo uvivu unalipwa.

Mama akarudi saa tisa, akachukua slaidi zangu kumi bila kuchagua akakaa. Anasoma huku ana punje za mahindi kwenye kifuniko cha chupa, kumi, kila akimaliza fildi kumi anahamisha punje moja upande wa pili. Punje za mahindi, dunia ya leo. Akafika slaidi namba 19 akatulia. Akaniita.

"Hii umeangalia fildi ngapi?"

"Mia mama."

"Mia?"

Nikanyamaza. Akasema njoo uone. Punje saba zilikuwa zimeshahamia, alikuwa fildi ya 71. Pete moja. Akasogeza, fildi ya 74 nyingine. Namba 19 ni mtoto wa miaka miwili. Nilitoka mbio na labukoti mpaka chumba cha daktari, karatasi yenye "hasi" yangu ilishasomwa, mtoto keshaandikiwa parasetamo, mama yake keshaondoka dirisha la daktari. Nikamkuta kwenye foleni ya dawa amebakiza watu wawili. Nikamshika mkono nikamwambia mama samahani rudi kwa daktari, jibu lako lina marekebisho. Hakugomba. Aliniambia "asante dokta" na hiyo asante mpaka sasa hivi inaniwasha.

Mama inchaji hakunigombeza pia, ningependa angenigombeza. Alisema chanya inajitafutia yenyewe, ukiona pete umemaliza, mtu yeyote anaweza kutoa chanya. Hasi ndo kazi. Hasi unasema kitu hakipo, na ili useme hakipo lazima uwe umekitafuta. Halafu akanipa slaidi 33 zilizobaki nizisome upya zote, nimetoka saa mbili usiku, yeye amekaa na mimi anasonya mbu. Nyingine hazikuwa na kitu. Sasa hivi na mimi nina punje zangu kumi.

Wiki ya 4

Makohozi. Kazi ya kwanza ya TB sio rangi, ni kumfundisha mtu kukohoa. Wanaleta mate. Unampa kikopo anageuka pembeni anatema mate meupe anakurudishia. Kwa hiyo tunatoka nje kwenye upepo, mi nasimama upande upepo unakotoka, namwambia mzee vuta pumzi ndefu, shikilia, achia, vuta tena, sasa kohoa itoke kifuani sio kooni. Mzee mmoja mvuvi akaniambia "binti, ningekuwa na nguvu ya kukohoa hivyo ningekuja hapa?" Tukacheka wote wawili, kicheko ndo kikaleta kikohozi, kikaleta sampo nzuri kweli, nzito ya njano.

Ziehl-Neelsen nilifanya mwenyewe kuanzia mwanzo. Kabolfuksini juu ya slaidi, moto chini mpaka mvuke utoke lakini isichemke, unaacha dakika 5, unaosha, asidi alkoholi asilimia 3 inaondoa rangi kwenye kila kitu isipokuwa kile kidudu maana ngozi yake ina nta, halafu methilini bluu. Nikaangalia. Nikaona vijiti vyekundu kwenye bluu, vyembamba, vingine viwili viwili kama njiti za kiberiti zimeanguka. Hakuna haja ya kusema "ee nimeviona". Walikuwa zaidi ya kumi kwa fildi, hiyo tunaandika 3+. Ya mzee mvuvi. Robert Koch alitangaza hivi vidudu Machi 1882 na mimi nimeviona kwa benchi lenye mguu mmoja uliotegeshwa na tofali, ni vilevile.

Sampo zingine zinapelekwa wilayani kwenye JiniXpert, mashine inatoa jibu ndani ya kama saa mbili na inasema kama rifampisini, dawa ya TB, inagoma. Mwenzangu wa Kigoma hakuamini nilipomwambia Morogoro kuna panya buku waliofundishwa kunusa makohozi ya TB, panya mmoja anapitia sampo mia kwa dakika ishirini hivi. Anasema bora panya, hakai dirishani wiki nzima.

Wiki ya 5

Mfupi. Mmoja wetu amejichoma na sindano akirudishia kifuniko. Kifuniko hakirudishwi, tunajua, sindano inaenda moja kwa moja kwenye sefti boksi, na boksi likifika robo tatu linafungwa. Ameanza dawa za kuzuia VVU siku hiyohiyo, mwisho wa kuanza ni saa 72, siku 28 kila siku. Kichefuchefu. Mgonjwa mwenyewe tulipompima hana maambukizi na bado unahesabu siku. Sisemi ni nani na usiniulize. Tukila tunakula kimya.

Wiki ya 6

Wiki ya raha. Tuliungana na timu ya wilaya kwenda kupima kichocho shule mbili za msingi, moja bara kwenye majaruba ya mpunga, nyingine pwani ya ziwa kabisa.

Mtu wa nje anadhani kichocho ni kimoja. Huku kwetu ziwani kinachotawala ni cha tumboni, mansoni, mayai yako kwenye choo. Ukiingia bara kwenye mabwawa na majaruba unakuta cha mkojo, haematobiam, konokono wanaokibeba ni wengine na maji wanayopenda ni mengine. Kwa hiyo shule ya kwanza tulikusanya mkojo, ya pili vikopo vya choo, mjomba angefurahi.

Mkojo unakusanywa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana maana ndo mayai yanatoka kwa wingi, na kabla ya hapo watoto wanarukishwa na kukimbizwa uwanjani mayai yatikisike yatoke. Fikiria watoto mia wanarukaruka juani, mwalimu wa zamu ana filimbi, afu wote wanakimbilia vyooni na vikopo. Tulivuta mililita 10 na sirinji, tukapitisha kwenye kichujio, kichujio juu ya slaidi. Yai la haematobiam lina mwiba mwishoni kabisa, kama mbegu ya boga iliyochongwa ncha. La mansoni mwiba uko ubavuni. Hamsini na kuendelea kwa mililita 10 ni maambukizi makali, na kuna kikopo nilishika ambacho sikuhitaji darubini, kilikuwa cha rangi ya soda ya zabibu. Mwenye kikopo ni mvulana wa darasa la tano, nikamuuliza toka lini, akasema toka darasa la tatu, na kaka yake hivyohivyo, yeye alijua ndo kukua.

Shule ya ziwani tukafanya Kato-Katz. Choo kinachujwa kwenye wavu, kinajazwa kwenye tundu la kipimo, ni miligramu 41.7, unafunika na selofeni iliyolowekwa kwenye gliserini na malakaiti kijani, unabonyeza. Mayai unayohesabu unazidisha kwa 24 unapata mayai kwa gramu. Nilihesabu 17 kwa msichana mmoja, ni 408, na kuanzia 400 ni makali. Cha kukumbuka hapa ni saa, ukichelewa zaidi ya nusu saa au saa moja gliserini inayeyusha mayai ya minyoo ya safura yote yanapotea, unaandika hamna safura na walikuwepo. Hasi nyingine ya uongo hiyo, tena hii inatengenezwa na chai ya saa nne. Tuliahirisha chai.

Walimeza prazikwanteli siku ileile, kipimo kwa urefu, mtoto anasimama kwenye fimbo iliyochorwa mistari inasema vidonge vingapi. Jioni nikiwa kwenye gari kurudi nimeona watoto walewale wa shule ya ziwani wanaoga ziwani. Sasa waoge wapi?

Wiki ya 7

Jumatatu kaja mama na mtoto wa kike miaka minne. Mtoto anachemka. Kabebwa na khanga mgongoni analegea. Mama ana karatasi ya duka la vipimo la mtaani kwao: mRDT (kipimo cha haraka cha malaria) chanya, na chini yake Widal (kinatafuta antibodi, kinga ya mwili dhidi ya taifodi), 1:160. Kashampa mtoto dawa ya mseto, kamaliza dozi siku kumi na mbili zilizopita, homa ilitulia ikarudi, karudi dukani wakampima tena mRDT ikawa chanya tena, wakataka kumchoma sindano za taifodi.

Nimepewa mimi. Nikamchoma kidole (mkono haukutetemeka, naandika hapa kwa sababu ni lengo namba mbili), nikatengeneza slaidi, gazeti, methanoli kwa thini TU, bafa, dakika 10. Nikakaa na punje. Mia, hamna. Nikarudia mia nyingine upande wa pili wa thiki, hamna. Nikamwita mama inchaji naye akaangalia, hamna.

Kutoa hilo jibu sasa. Yule mama aliniangalia kama nimemtukana. "Hana malaria? Kipimo kimesema anayo mara mbili, na wewe unanambia hana? Mguse!" Nikamgusa, wa moto kweli. Na nyuma yake bibi mmoja wa kwenye benchi anadakia, hawa watoto wa chuo hawa. Zamani ningetetereka. Nikamwambia mama naomba ukae nikueleze. Kile kipimo cha haraka hakimtafuti mdudu, kinatafuta protini anayoiacha, HRP2, na hiyo inabaki kwenye damu wiki kadhaa hata wadudu wakifa wote, ni kama moshi umebaki jikoni moto ulishazimwa. Mi nimemtafuta mdudu mwenyewe fildi mia mbili sijamwona. Widal nayo nikasema kidogo tu, maana ningeianza nisingemaliza: huku kwetu watu wengi wanabeba hizo antibodi bila kuumwa, Widal moja peke yake haimtangazi mtu taifodi, kinachotakiwa ni kuotesha damu. Naona mtaani kila mwenye homa anatoka na "malaria mbili na taifodi", karatasi moja, dawa tatu. Malaria mbili sijui wanahesabu nini.

Kliniko ofisa akaomba mkojo. Mtoto wa miaka minne kutoa mkojo wa katikati ni mradi mwingine, tulimnywesha maji nusu saa yeye na mama yake wamekaa kwenye nyasi na kikopo. Dipstiki (kijiti cha kuchovya kwenye mkojo): nitraiti chanya, dalili ya bakteria, lukosaiti (chembe nyeupe) tatu jumlisha. Nikazungusha kwenye sentrifyuji nikaangalia, usaha umejaa, chembe haziwezi kuhesabika, na bakteria wanatembea. Yutiai. Alikuwa anaumwa njia ya mkojo muda wote huo anapewa dawa ya malaria.

Alhamisi wamerudi kuonyeshwa. Mtoto anatembea kwa miguu yake, kashika muwa. Mama yake hakusema lolote kuhusu jumatatu, alinisalimia "mwangaluka" nikamwitikia vibaya, Kisukuma changu cha kuokoteza, akacheka akanirekebisha. Bibi wa benchini hakuwepo, ningependa angekuwepo.

Wiki ya 8

Logibuku. BS 212, TB 26, mkojo 61, choo 48, kundi la damu 39. Kutoa damu kwenye mshipa 57, watoto chini ya miaka mitano 11. Sijafikisha Gram (rangi ya kutofautisha bakteria), wanataka 10 nina 6, ntamalizia chuoni.

Ijumaa ya mwisho mama akaniwekea slaidi moja mezani haina jina, namba tu, akasema soma. Nikajua ni mtihani. Nikasoma mia, sijaona kitu, nikaongeza mia, sijaona kitu. Nikaandika. Akaichukua, akakaa, akapanga punje zake akaanza kuisoma mwanzo. Nilikuwa na bodaboda nje inapiga honi, yule wa Kigoma yuko juu na mabegi yetu yote mawili. Nikasema mama naondoka, shikamoo. Akajibu marahaba mwanangu bila kuinua kichwa, punje nne zimeshavuka. Nikasubiri kidogo mlangoni. Punje ya tano. Bodaboda akapiga honi tena nikaenda.

Jibu la ile slaidi silijui. Nimemtumia meseji jana, leo jumapili hajajibu, simu yake ni ile ya tochi na mtandao kule unasumbua. Gram nne, afu semista ijayo hematolojia, ambayo nina sapu (mtihani wa marudio) yake.